Mteja ana milioni nne anataka kompyuta ya gemu: igawe hela yake kabla hujapiga simu Kariakoo

Leo naongea na tunaouza vitu vya elektroniki mtandaoni, hasa wenzangu wa mikoani ambao duka letu ni simu, WhatsApp na meza moja ya kufungia mizigo. Kuna meseji ukiipata unafurahi kwanza, halafu ukikaa vizuri unaanza kuwaza: "Bosi nina 4M, nataka PC ya gemu ya maana, siyo ya kubahatisha."

Unafurahi kwa sababu kufikisha hela hiyo kwa kava na chaja ni miezi. Unawaza kwa sababu simu inakuja imefungwa kiwandani, ila hapa wewe ndiye kiwanda. Ni vipuri saba au nane kutoka kwa watu tofauti, na kimoja kikikataa kuelewana na mwenzake, mteja hamjui aliyekitengeneza. Anakujua wewe, na hapa Tunduma anajua hata unapokula chakula cha mchana. Hela yenyewe kwa huku kwetu ni ya kahawa ya Mbozi au ya kijana aliyekusanya mwaka mzima kwenye kazi za mpakani. Haina ya pili nyuma yake.

Wauzaji wengi wanachofanya ni kuomba picha kwa mtu wa Dar, kuongeza laki tatu na kuposti. Kompyuta yenye taa nyingi ndiyo inapata laiki nyingi. Sasa taa ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote mle ndani, na mwenye kompyuta mbovu anajua hilo vizuri. Kazi ya muuzaji wa kweli ni kupeleka hela ya mteja kwenye vitu ambavyo mteja havioni. Ndiyo naandikia hapa.

KWANZA, MILIONI NNE SIYO MILIONI NNE

Kabla hujamtajia kipuri hata kimoja, muulize: hiyo hela ni ya kasha peke yake, au ndani yake kuna kioo, kibodi, mausi na UPS? Wateja wengi hawajui kama wanatakiwa kusema. Ukinyamaza, siku ya kukabidhi ndiyo utasikia "sasa mbona haina kioo?"

Tuchukue mfano wa hesabu. Mteja ana 4,000,000 na anacho kibodi na mausi, kioo hana. Mimi natoa kwanza vitu ambavyo siyo kompyuta. Faida yangu ya kutafuta, kuunga na kupima, 350,000. Nauli ya mzigo, vifungashio na makato ya kutuma hela, 80,000. UPS, 270,000. Akiba ya tatizo, 100,000, kwamba kipuri kikirudi ndani ya mwezi wa kwanza nina nauli ya kukirudisha Dar bila kumkopa mtu. Hapo zimekwenda laki nane, zimebaki 3,200,000. Kioo nakiwekea 400,000. Kwa hiyo kompyuta yenyewe inajengwa kwa 2,800,000, na hiyo ndiyo namba unayotembea nayo sokoni.

Hizi namba siyo bei za soko, ni mipaka niliyoiweka kwa mfano wangu. Wewe weka zako, ila weka kabla. Muuzaji anayehesabu faida mwisho, baada ya kununua vyote, huishia kuikuta haipo. Na kama umesajiliwa VAT, kumbuka ile kodi siyo yako, usiichanganye na faida. Windows halali nayo ina bei yake. Kama haimo kwenye hesabu, iandike kwenye makubaliano kwamba haimo, mteja ajue mapema.

ANZA NA KIOO NA GEMU ANALOCHEZA

Wengi wanaanza na prosesa kwa sababu jina lake ndilo linajulikana. Mimi naanza na maswali mawili: unacheza nini, na utachezea kwenye kioo gani?

Kioo kina uwezo wake wa kuonyesha picha kwa sekunde, na uwezo huo unaandikwa kwa Hz. Ukimuunganishia mteja kompyuta inayotoa picha 150 kwa sekunde kwenye TV ya Hz 60, macho yake yataona 60. Zile nyingine zote amelipia bure. Ndiyo maana kwenye mfano wangu nimechukua laki nne kutoka kwenye kasha nikaipeleka kwenye monita ya inchi 24 ya Hz 144 au zaidi, ya ukubwa wa picha 1920 kwa 1080. Mteja atabisha, atasema TV anayo nyumbani. Mweleze kwa hesabu hiyo hiyo, ataelewa.

Gemu nazo zinatofautiana. Valorant na Counter-Strike 2 haziombi kadi kubwa sana ya grafiki, zinaomba prosesa yenye kasi. Cyberpunk 2077 na Black Myth: Wukong zinaila kadi bila huruma. Mtu wa EA FC na GTA V atafurahi na kompyuta ya kawaida tu, na ukimwambia ukweli kwamba milioni mbili na nusu inamtosha, utakuwa umepata mteja wa kudumu. Najua inauma kuirudisha hela iliyokuja yenyewe, lakini huyo mtu ana marafiki.

Halafu kuna lile swali la kila mtu: "Itacheza GTA 6?" Usije ukajibu ndiyo. Mpaka naandika hapa, Rockstar wametangaza kwamba inatoka kwa PlayStation 5 na Xbox Series, ya kompyuta hawajaitangaza. Atakayekuuzia maneno kwamba kompyuta fulani "imeshathibitishwa kwa GTA 6" anauza upepo.

KADI YA GRAFIKI NDIYO BABA MWENYE NYUMBA

Kwenye zile 2,800,000, kadi ya grafiki naipa 1,200,000, yaani zaidi kidogo ya asilimia 40. Prosesa 400,000, mazabodi 320,000, RAM 250,000, SSD 250,000, pawa saplai 230,000, kasha na feni zake 150,000. Jumlisha utaona inatimia. Kama kuna kipuri kinazidi mpaka wake, kinachopunguzwa ni kasha, au nashuka daraja la kadi. Pawa saplai haiguswi, nitaeleza kwa nini.

Kwenye kadi, kosa kubwa la matangazo yetu ni kuandika jina bila kumbukumbu yake. "RTX 3060 ipo, bei poa." Ipi? Iko ya GB 12 na iko ya GB 8, na ya GB 8 imepunguzwa hata njia za kupitishia data, siyo kumbukumbu tu. RTX 5060 Ti iko ya 8 na ya 16. RX 9060 XT vilevile, 8 na 16. Jina moja, bei mbili, uwezo mbili. Mteja akisoma mtandaoni sifa za ile kubwa halafu akapokea ndogo, ana haki ya kukuita tapeli hata kama hukukusudia. Kwa hiyo kila siku andika jina kamili na kumbukumbu.

Kwa gemu kubwa za sasa mimi GB 8 nazihesabu kama mwanzo. Zinatosha kwenye kioo cha 1080 ukipunguza mapambo kidogo. Ukipata ya GB 12 au 16 ndani ya mpaka wako, chukua hiyo, hata kama ile ya 8 ni mpya zaidi kwa miezi michache. Na usiwadharau AMD. Huku kwetu wateja wanaijua Nvidia tu, ndiyo maana kadi za Radeon kama RX 6700 XT yenye GB 12 unaweza kuzikuta kwa bei ambayo Nvidia ya uwezo huo hauipati. Ila mteja anayefanya na kazi za video au michoro ya 3D, muulize programu anazotumia kwanza, maana kuna zinazoelewana zaidi na Nvidia.

Sasa kadi za mtumba. Zipo nyingi na sababu yake inajulikana: watu walizinunua kwa mamia kuchimba sarafu za mtandaoni, halafu tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikaacha kabisa mfumo wa kuchimbwa kwa kadi. Kadi zikamwagika sokoni duniani kote. Kadi iliyochimba siyo lazima iwe mbovu, ila feni zake zimezunguka usiku na mchana na dawa ya kupitisha joto imekauka. Nikinunua ya mtumba nataka video ya nusu saa ikiwa inacheza gemu zito, joto linaonekana kwenye kioo, na namba ya kadi inaonekana mwanzo na mwisho wa video. Mwenye kadi nzima hakatai. Anayesema "kaka niamini tu" namshukuru namuacha.

Na kuna za bandia kabisa, kadi kuukuu iliyobadilishiwa programu ya ndani ili kompyuta iisome kwa jina jipya. Windows itakuandikia GTX 1050 Ti wakati ndani ni kadi ya mwaka 2010 huko. Dawa yake ni programu ya bure inaitwa GPU-Z. Inasoma chipu yenyewe, na nyingi za bandia inaziandikia wazi neno FAKE mbele ya jina. Dakika mbili tu. Ukiwa unanunua kwa mtu wa mbali, omba picha ya GPU-Z ikiwa na tarehe ya siku hiyo pembeni. Bidhaa bandia ni kesi ya Tume ya Ushindani, FCC.

HIYO CORE I7 NI YA MWAKA GANI?

Hapa ndipo watu wanapigwa sana. Tangazo: "Gaming PC, Core i7, RAM 16, taa saba." Ukiuliza i7 ya kizazi gani, kimya. i7-2600 ilitoka 2011. i3-12100 ilitoka 2022, nayo ina koa nne kama yule mzee, lakini kwenye gemu inamuacha mbali sana. Namba baada ya herufi ndiyo inasema umri, herufi yenyewe haisemi kitu. Na kuanzia hapo kuna la pili: Windows 11 rasmi inakubali Intel za kizazi cha 8 kwenda mbele, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Valorant ukiiweka kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot. Kwa hiyo yule mzee wa 2011 siyo kwamba atacheza polepole, kuna gemu atakataliwa mlangoni.

Ndugu yake ni zile kompyuta za maofisi zinazokuja mtumba kutoka nje, OptiPlex na wenzake. Kwa kazi za stationari ni mashine nzuri na mimi mwenyewe nauza. Ila kuigeuza ya gemu kali ni shida, kwa sababu nyingi pawa saplai yake ni ndogo na soketi zake ni za kwao wenyewe, huwezi kuchomoa ukaweka yoyote ya dukani. Kasha nalo fupi, kadi haiingii.

Kwa 400,000 ya mfano wetu mimi naangalia Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F. Zote koa sita, zote hazili umeme mwingi. Ile Ryzen ukiinunua ikiwa kwenye boksi lake inakuja na feni yake. Ukiuziwa chipu peke yake kwenye kifuko, feni unanunua, kwa hiyo bei mbili zinazoonekana tofauti zinaweza kuwa sawa. Zote mbili hazina grafiki za ndani. Hili liandike mahali, tutalirudia mwisho.

Mtu atauliza, kwa nini usiende AM5, Ryzen mpya zaidi? Swali zuri. AM5 inakubali RAM za DDR5 tu, na mwishoni mwa 2025 RAM zilipanda bei dunia nzima kwa sababu viwanda vinakimbilia kuuzia vituo vya data vya akili mnemba, huko ndiko kwenye hela. DDR4 nazo zimeguswa. Kwenye milioni nne, ile tofauti ya kuhamia AM5 naiona inakula kwenye kadi ya grafiki, na kadi ndiyo mteja atakayoiona kwenye gemu kila siku. Mteja wa milioni sita nitamshauri vingine. Ila kwa vyovyote usimpe mteja bei ya RAM ya wiki iliyopita. Piga simu siku hiyo hiyo.

PAWA SAPLAI, NA UMEME WETU

Miezi kadhaa nyuma kijana wa Vwawa aliniletea kompyuta aliyoinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji na siyo wa huku. Nje inapendeza, kioo pembeni, feni zinabadilika rangi kama ukumbi wa harusi. Ilikuwa imezimika katikati ya gemu na harufu. Nikafungua. Pawa saplai imeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa, ukiinyanyua ni nyepesi kama boksi la viatu vya mtoto. Ilipokufa ilikwenda na mazabodi. Kadi ilipona kwa bahati. Yule muuzaji alishaacha kujibu meseji, na kijana alikuwa ameahidi nyumbani kwamba ile mashine itarudisha hela kwa kulipisha wenzake kucheza. Nilimbadilishia vipuri kwa bei ya kununulia, lakini bado ililipwa mara mbili.

Namna ya kutouza kitu kama kile haihitaji ufundi mkubwa. Geuza pawa saplai usome karatasi ya ubavuni. Tafuta mstari wa +12V, angalia ampea zake, zidisha kwa 12. Hizo ndizo wati ambazo kadi na prosesa vitazipata. Ile ya yule kijana ilikuwa na ampea 18. 12 mara 18 ni 216. Mia sita zilikuwa za kwenye rangi tu. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 utaikuta na ampea 40 na kitu kwenye mstari huo.

Halafu linganisha na mahitaji. RTX 4060 inakula wati 115, RTX 5060 145, RTX 3060 ya GB 12 inakula 170, RTX 3070 inafika 220. Ongeza prosesa 65, ongeza mazabodi, feni na diski kama 50 hivi. Kwa RTX 3060 unapata kama 285. Usiseme basi ya 300 inatosha, maana kadi huwa zinaruka juu kwa muda mfupi sana na ndipo kompyuta inapojizima. Nvidia wenyewe kwa 4060 wanapendekeza pawa saplai ya 550, kwa 3070 wanapendekeza 650. Mimi nafuata hapo, yenye alama ya 80 PLUS, mpya, na ya kampuni ambayo ukitafuta mtandaoni unakuta watu wameipima. Mtumba kwenye pawa saplai sinunui hata ikiwa rahisi.

UPS nayo. Wateja wanasoma 650VA wanadhani ni wati 650. VA siyo wati. UPS nyingi za 650VA hazifiki wati 400. Weka kompyuta ya gemu na kioo, umeme ukatike mtu yuko katikati ya mechi, UPS inalia mara moja na kuzima. Angalia wati zilizoandikwa, na umwambie mteja wazi kazi ya UPS ni kumpa dakika za kuzima vizuri na kumlinda na umeme unaorudi kwa kishindo, siyo kumaliza mechi.

VILIVYOBAKI

RAM nunua mbili za GB 8, usinunue moja ya 16. Mbili zinafanya kazi kwa pamoja na kwenye gemu tofauti inaonekana, hasa picha zinapokwama kwama. Baada ya kuunga ingia kwenye BIOS uwashe XMP, la sivyo RAM uliyouza kwa jina la 3200 itatembea kwa 2133 au 2400 na mteja hatajua miaka yote. Wauzaji wengi hili hawalifanyi. Lifanye na upige picha.

SSD iwe NVMe ya 1TB. Gemu moja kubwa siku hizi linapita GB 100, kwa hiyo ya 256 inajaa wiki ya kwanza. Ukiona 2TB kwa bei ya kutupa, ni bandia, inajionyesha 2TB halafu ukijaza inafuta yenyewe. Ijaze mpaka mwisho na programu ya H2testw kabla hujaiuza.

Na hapa kuna huduma ya kuuza ambayo haina mtaji. Mteja wa kwetu akipakua GB 100 kwa bando anaumia kuliko alivyoumia kwenye kadi. Steam ina njia ya kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwenye mtandao wa ndani bila kula bando. Ukiwa na mashine yako dukani yenye gemu zile zinazopendwa, mteja anaingia kwa akaunti yake, gemu alilolinunua au la bure linahamia kwake. Hiyo peke yake imewafanya watu wasafiri kutoka Mlowo kuja kwangu badala ya kuagiza Dar moja kwa moja.

Kasha: matundu mbele, na vichujio vinavyotoka kuoshwa. Baridi ya Tunduma inatusaidia kwenye joto, lakini vumbi la foleni ya malori halina mchezo. Pima urefu wa kadi kwa milimita ulinganishe na nafasi ya kasha kabla ya kulipa.

KUNUNUA NA KUSAFIRISHA

Wengine watakwambia vuka tu Nakonde, vitu viko chini. Wakati mwingine ni kweli. Ila ukivuka navyo vipite forodha, una karatasi, na ujue kwamba dhamana ya dukani kule ni ya kule. Ukilinganisha bei linganisha na hayo yote ndani. Mimi vipuri vingi natoa Kariakoo, na kila kimoja nadai risiti ya EFD yenye jina kamili la kipuri, maana ndiyo itakayonirudisha pale kaunta kikigoma.

Ukipata advansi ya mteja, mwandikie bei ni ya saa 48. Usikae na hela yake wiki nzima unasubiri bei ishuke. Haitashuka, na itakuwa imeshalipa mambo yako mengine, tunajuana.

Kutoka Dar mpaka huku ni zaidi ya kilomita 900. Kuna matuta ya Mikumi, kuna kona za Kitonga, kuna makondakta wanaokalia mizigo. Kompyuta iliyoungwa tayari na kadi nzito ikiwa imening'inia ndani itafika na soketi imechanika. Kwa hiyo vipuri vije kwenye maboksi yake, uunge huku. Kama ni wewe unatuma kwa mteja wa Mpemba au Ileje, chomoa kadi, irudishe kwenye boksi lake, kasha la kioo likae katikati ya magodoro, na upige picha namba za vipuri vyote kabla ya kufunga. Zile picha zinawalinda wote wawili, maana kuna mteja anayerudisha kadi ambayo siyo aliyopewa.

Kabla ya kukabidhi, iwashe saa mbili na gemu lake mwenyewe, siyo la kwako. Mrekodie dakika chache joto na picha kwa sekunde zikionekana, umtumie. Mwandikie karatasi moja: kila kipuri na jina lake lote, kipi kipya na kipi mtumba, dhamana ya kila kimoja siku ngapi. Na kwa sababu prosesa zile hazina grafiki za ndani, mwonyeshe kwa kidole waya wa HDMI unachomekwa wapi: chini, kwenye kadi, siyo juu kwenye mazabodi. Usipomwonyesha, saa tatu usiku atapiga simu anasema kioo ni cheusi na amepigwa, na huko nyuma unamsikia kaka yake anauliza ulilipa kwa namba gani.